Ardhi isiyo na watu leo si ardhi isiyo na wenyewe
Namna ya kupima athari za mradi kabla haujaanza



Katika mikutano yetu na familia za wakimbizi wa ndani, swali moja linarudi mara nyingi: "Tumesikia kwamba kule kwetu wanataka kutengeneza barabara, au kuchimba mawe, au kusimamisha mnara wa simu. Sisi tuko huku. Nani atatusemea?"

Swali hili ni la haki, na tena ni swali la amani. Mizozo mingi ya mashariki mwa Kongo inagusa ardhi, na kila mradi mpya unaanza kwa kukanyaga ardhi ya mtu. Mradi mzuri ukiingizwa vibaya unaweza kuwasha moto ambao silaha zilikuwa zimeuacha. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza chombo kimoja ambacho wananchi wengi hawakijui: tathmini ya athari za mradi kwa mazingira na kwa watu. Tunaeleza ni kitu gani, sheria inasema nini, na familia iliyo mbali na kijiji chake inaweza kufanya nini ili isisahauliwe.

TATHMINI YA ATHARI NI NINI?

Tathmini ya athari ni uchunguzi unaofanywa kabla ya kazi kuanza. Unajibu maswali manne. Kwanza, mahali hapa pakoje leo: maji, udongo, miti, wanyama, mashamba, nyumba, makaburi, njia? Pili, mradi utabadilisha nini? Tatu, je, kuna mahali pengine au namna nyingine ya kufanya kazi hiyo kwa madhara machache? Nne, madhara yasiyoweza kuepukwa yatapunguzwaje, yatalipwaje, na nani atasimamia?

Ni kama mtu anayetaka kujenga nyumba. Haanzi kwa kununua mabati. Anatazama kwanza maji ya mvua yanapita wapi, mpaka wa jirani uko wapi, na upepo unatoka upande gani. Akisahau mambo haya, atayajua baadaye, lakini atayajua kwa hasara.

Tathmini si adui wa maendeleo. Hatusemi kwamba barabara isijengwe au umeme usifike. Watu wetu wanahitaji barabara ili mazao yafike sokoni, na wanahitaji umeme ili hospitali ifanye kazi usiku. Tathmini inasaidia mradi usimame vizuri na udumu, kwa sababu wale wanaouzunguka wameuelewa na wamesikilizwa.

SHERIA INASEMA NINI?

Katika nchi yetu jambo hili si hisani ya mwenye mradi. Ni sheria. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira, ambayo ilirekebishwa mwaka 2023, inasema katika kifungu cha 21 kwamba kila mradi unaoweza kuathiri mazingira lazima ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa jamii, pamoja na mpango wa kuzisimamia athari hizo. Kifungu hicho kinataja viwanda, kilimo, misitu, madini, mawasiliano na kazi za ujenzi. Katika karatasi za Kifaransa mtaona herufi EIES. Mkiziona herufi hizo, jueni kwamba ni uchunguzi huu unaozungumziwa.

Sheria hiyo hiyo inadai pia anketi ya hadhara kabla ya mradi. Maana yake ni kwamba wananchi wajulishwe, haki walizo nazo watu wengine juu ya mahali hapo zijulikane, na maoni na mapendekezo yao yapokelewe. Ofisi inayopokea na kuzichunguza tathmini ni Shirika la Mazingira la Kongo, linalojulikana kwa herufi ACE, ambalo liliundwa kwa amri ya serikali ya Novemba 2014.

Uchunguzi wenyewe unalipiwa na mwenye mradi. Jambo hili ni la kawaida katika nchi nyingi, kwa sababu mwenye kutaka kujenga ndiye anayepaswa kubeba gharama ya kuchunguza. Lakini lina upande wake wa pili. Mtaalamu anayeandika ripoti analipwa na yule anayetaka ripoti ipite. Kwa hiyo maswali ya wananchi ndiyo yanayoweka uzito upande wa pili wa mizani.

Kuna maandiko mengine yanayowasaidia wakimbizi wa ndani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya pamoja, iwe imepatikana kwa sheria au kwa mila, na inasema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya umma na baada ya kulipwa fidia ya haki. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, unasema katika kifungu cha 10 kwamba serikali zizuie, kadiri inavyowezekana, watu wasihamishwe na miradi. Kwamba njia nyingine zitafutwe kwa kuwashirikisha watakaoguswa. Na kwamba tathmini ya hali ya maisha na ya mazingira ifanywe kabla ya mradi. Nazo Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa kuhusu Wakimbizi wa Ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 21 kwamba mali iliyoachwa nyuma na waliohama ilindwe isiharibiwe wala isichukuliwe kinyume cha haki.

Kwa ndugu zetu Wambuti na Watwa, kuna pia sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili. Msitu ambao mkulima anauona kama pori ni nyumba yao, ni duka lao la dawa, na ni mahali pa mababu zao.

HATARI YA MANENO "ENEO TUPU"

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mtaalamu anayefanya tathmini anaanza kwa kuandika hali ya mahali ilivyo siku aliyofika. Akikuta nyumba zimeanguka, mashamba yameota majani, na watu wachache tu, ni rahisi aandike kwamba eneo ni tupu, ardhi haitumiki. Maneno hayo machache yanaweza kufuta familia mia mbili.

Kwanza, yanafuta fidia, kwa sababu fidia inalipwa kwa walioorodheshwa. Pili, yanafuta ushahidi, kwa sababu miaka kumi baadaye ripoti itasomwa kama kumbukumbu ya kweli. Tatu, yanapanda chuki. Waliobaki kijijini watalipwa, watapewa kazi, watatia sahihi. Waliokimbia watarudi na kukuta mashine juu ya mashamba yao. Hawatamwona mwenye mradi, kwa kuwa yuko mbali. Watamwona jirani aliyepokea pesa. Hapo ndipo mzozo wa zamani unapata kuni mpya.

Hata sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilidai kwamba kabla ya ardhi ya vijijini kutolewa kwa mtu, uchunguzi ufanywe ili kujua kama kweli haina watu na kama hakuna wengine wenye haki juu yake. Shamba ambalo mwenyewe amelikimbia kwa sababu ya risasi halijaachwa kwa hiari. Kila kiongozi anayehudhuria mkutano wa mradi anapaswa kuwa na sentensi moja kinywani mwake: ardhi isiyo na watu leo si ardhi isiyo na wenyewe.

TUNAYOJIFUNZA KUTOKA MIAKA ILIYOPITA

Mambo haya si nadharia. Eneo la Kivu limeyaona kwa macho.

Mnamo Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa muda wa siku chache. Kambi zilisimamishwa mahali kama Kibumba na Mugunga. Ardhi ya huko ni mawe ya volkeno. Kuchimba choo ni kazi ngumu sana. Kibumba haikuwa na maji karibu, ikabidi yaletwe kwa malori. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Kuni na miti ya kujengea vilitoka katika mbuga ya Virunga, na mwaka huo huo wa 1994 UNESCO iliiweka mbuga hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi ni mradi pia, hata kama inajengwa kwa huruma. Wakati wa dharura hakuna nafasi ya kuandika kitabu, lakini maswali matano yanaweza kuulizwa kwa siku moja: maji yako wapi, vyoo vitachimbwa wapi, kuni zitatoka wapi, mvua kubwa itapita wapi, na wenyeji wa hapo wanasema nini?

Mfano wa pili ni Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 kwa nia ya kuwalinda sokwe na msitu. Lakini Watwa waliokuwa wakiishi msituni waliondolewa, bila kupewa ardhi nyingine ya kuwatosha. Zaidi ya miaka 50 imepita na mgogoro haujaisha. Kuanzia mwaka 2018 umekuwa na mapigano na vifo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Watwa zilivunjwa. Tunajifunza kwamba hata mradi wa kulinda mazingira unahitaji kupimwa athari zake kwa watu. Kusahau watu mwanzoni hakuondoi gharama. Kunaiahirisha tu, na inazidi kukua.

Mfano wa tatu unatia moyo. Kampuni moja ya Uingereza, SOCO, ilipewa haki ya kutafuta mafuta katika eneo linaloingia ndani ya mbuga ya Virunga na Ziwa Edward. Machi 2011 waziri wa mazingira wa wakati huo alisimamisha kazi hiyo na kutaka kwanza ifanyike tathmini pana ya eneo zima, si ya kisima kimoja tu. Mvutano uliendelea na vipimo vya ziwani vilifanyika mwaka 2014. Lakini wavuvi, mashirika ya raia na watetezi wa mbuga hawakuacha kuuliza: mafuta yakimwagika, samaki itakuwaje? Maji ya Ziwa Edward yanatoka kwa mto Semuliki hadi Ziwa Albert. Watakaokunywa huko wameulizwa? Juni 2014 kampuni ilitangaza kwamba itasimamisha kazi zake ndani ya mbuga. Njia hiyo haikuwa rahisi, na wengine waliteswa kwa kuuliza. Hata hivyo inaonyesha kwamba swali lililoulizwa mapema, na watu wengi kwa pamoja, lina nguvu.

KILE AMBACHO MACHO YANAONA

Katika tathmini kuna sehemu moja ambayo mara nyingi inarukwa haraka: athari kwa mandhari, yaani sura ya nchi jinsi inavyoonekana kwa macho. Wengine wanafikiri hii ni anasa ya watalii. Sivyo.

Kilima si udongo tu. Kilima ni mahali pa makaburi, ni mahali pa nyumba ya zamani ya mwami, ni alama ambayo mtoto anaonyeshwa ili ajue kwao ni wapi. Kilima kikikatwa nusu kwa kuchimba mawe, jeraha lake linaonekana kutoka sokoni, shuleni na kanisani kila siku. Kama jamii moja inaona kwamba kilima chake ndicho kilichokatwa na cha jirani kimeachwa, jeraha hilo linakuwa hoja ya kisiasa. Vivyo hivyo ukuta, ua wa waya, au taa kali zinazowaka usiku kucha: vinaonekana, na kila mtu anavipa maana.

Kuna pia jambo la staha na usalama. Mnara au barabara mpya inayopita juu ya mahali ambapo akina mama wanaogea inawaondolea faragha. Upande mwingine, majani marefu yanayoachwa kando ya njia ya kisimani yanaweza kumficha mwenye nia mbaya. Kupima mandhari ni kuuliza nani ataona nini, kutoka wapi, na nani ataonekana.

Namna ya kupima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa:

1. Chagueni sehemu nne hadi sita ambapo watu wengi hupita au hukaa: soko, shule, kisima, makaburi, mlango wa kambi.

2. Simameni hapo na mpige picha, au mchore, kuelekea mahali pa mradi. Andikeni tarehe, kwa kuwa mlima wa wakati wa mvua si mlima wa kiangazi.

3. Kama kuna kitu kirefu kitakachojengwa, mwombeni mwenye mradi asimamishe mlingoti wenye kitambaa, akiweza kwa urefu ule ule. Kila mtu ataona kwa macho yake kabla ya simenti kumwagwa.

4. Waulizeni akina mama, vijana na wazee kila kundi peke yake. Wanaona vitu tofauti.

5. Andikeni mambo matatu: mabadiliko ni makubwa kiasi gani, yatadumu muda gani, na yanagusa kitu chenye thamani gani kwa watu.

Ni mara chache sana mandhari peke yake yanazuia mradi. Lakini yanaweza kusogeza mnara mita mia mbili, kuongeza mstari wa miti, au kuweka sharti kwamba shimo la mawe lifukiwe na kupandwa majani sehemu kwa sehemu, bila kungoja kazi yote iishe. Mabadiliko madogo kama haya yanawaonyesha watu kwamba walisikilizwa.

Tahadhari moja: msipige picha mahali penye askari, kizuizi cha barabarani au kambi ya jeshi, la serikali wala la kundi lolote. Hakuna picha inayostahili maisha ya mtu. Hapo tumieni kumbukumbu na mchoro.

MFANO WA KUFIKIRIA

Ili jambo lieleweke, tuchukue mfano wa kubuni, asiwepo mtu wa kunyooshewa kidole. Kuna kijiji cha nyumba 300 juu ya milima karibu na Ziwa Kivu. Jamii mbili zinaishi humo. Vita vilipofika, nyumba 210 zilikimbia. Leo 90 ndizo zilizobaki, nyingi za jamii moja. Mradi unataka kutengeneza barabara ya kilomita 12, ambayo itawasaidia hata waliokimbia kurudi. Barabara inahitaji mawe, na injinia amechagua kilima cha karibu.

Timu ya tathmini ikiongea na nyumba 90 tu, itaandika: kilima cha vichaka, hakuna makazi, wananchi wamekubali, vijana 40 watapata kazi. Ripoti itapita. Kila neno lake linaweza kuwa kweli kwa siku ile, na bado ripoti nzima ikawa ya uongo.

Sasa tuseme kamati ya wakimbizi wa ndani imesikia habari, na imeomba timu ifike kambini. Wazee wanachora ramani chini kwa fimbo na vijiwe. Inaonekana kwamba chini ya vile vichaka kuna makaburi. Hapa sheria inasaidia: Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, katika kifungu cha 279, inakataza kuikalia ardhi iliyotengwa kwa makaburi bila ruhusa ya mamlaka zinazohusika. Akina mama wanasema kwamba chemchemi iliyo chini ya kilima ndiyo maji ya jamii zote mbili wakati wa kiangazi. Mzee mmoja anaonyesha mstari wa miti iliyopandwa kuwa mpaka kati ya koo mbili. Miti hiyo ikikatwa, mpaka utakuwa neno dhidi ya neno.

Timu inalinganisha mahali patatu. Kilima cha kwanza kiko karibu na ni rahisi kwa gharama, lakini kina makaburi, chemchemi na mpaka. Cha pili kiko mbali kidogo, hakina makaburi, lakini kinatazamana na soko, vumbi lake litaangukia vyakula, na mteremko wake ni mkali. Huu si woga wa bure: Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe, mvua kubwa iliteremsha maji, matope na mawe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mlima ulio juu ya nyumba za watu hauguswi bila kupimwa. Mahali pa tatu ni shimo la mawe la zamani kando ya barabara, lililokwisha kufunguliwa. Malori yatasafiri mbali zaidi na mafuta yatagharimu zaidi, lakini hakuna jeraha jipya.

Timu inapendekeza la tatu, pamoja na masharti. Kazi zigawanywe kwa jamii zote mbili, na nafasi zitangazwe kambini pia. Mifereji ichimbwe ili maji ya mvua yasiende mashambani. Shimo lisiachwe wazi kuwa dimbwi la mbu na hatari kwa watoto. Mahali barabara itakapopanuliwa na kula sehemu ya mashamba, orodha ya wenyewe ifanywe kijijini na kambini, isomwe hadharani pande zote mbili, na fidia ya wasiokuwepo itunzwe kwa jina lao mpaka wajitokeze. Asipewe jirani, wala mkuu, wala ndugu asiye na idhini.

Angalieni kilichotokea. Barabara imejengwa. Gharama imepanda kidogo. Lakini jamii mbili zimekaa mbele ya ramani moja na kukubaliana makaburi yako wapi na mpaka uko wapi. Hiyo ni hatua ya upatanisho ambayo hakuna semina peke yake ingeileta.

FAMILIA ZILIZOHAMA ZIFANYE NINI?

- Andikeni sasa, kabla ya kusikia habari za mradi wowote. Kila familia iandike jina la kijiji, mahali pa nyumba na shamba, majirani wa pande nne, miti na alama za mpaka, makaburi, na mtu wa mwisho aliyeona. Wasiojua kuandika wasaidiwe na walimu walio kambini.

- Wanawake waandikwe kwa majina yao. Mjane ambaye shamba liko kwa jina la marehemu mume wake ndiye wa kwanza kusahauliwa.

- Tunzeni nakala mbili mahali tofauti. Karatasi moja inaweza kuungua au kulowa.

- Chagueni watu wawili au watatu, mwanamke akiwemo, wa kuwasiliana na kijiji kwa simu na kuuliza kama kuna mikutano ya mradi.

- Mkisikia habari za mradi, andikeni barua fupi kwa mkuu wa kijiji au wa grupema, kwa msimamizi wa teritwari na kwa mwenye mradi, mkisema: sisi ni wakaaji wa mahali hapa, tumekimbia vita, tunaomba kuhesabiwa na kusikilizwa. Ombeni sahihi ya kupokelewa. Pale ambapo ofisi hazifikiki kwa sababu ya vita, pelekeni barua kwa kanisa, kwa mashirika ya raia au kwa shirika linaloaminika, na mhifadhi nakala yenye tarehe.

- Ombeni muhtasari wa tathmini kwa lugha mnayoielewa. Kitabu cha Kifaransa cha kurasa mia tatu hakijamjulisha mtu.

NA VIONGOZI JE?

Wazee wetu, mabwami, wakuu wa vijiji na wa kambi, sahihi yenu ina uzito. Kabla ya kuitia, ulizeni: Walioitwa kwenye mkutano ni akina nani, na nani hakuitwa? Waliokimbia wamejulishwa? Makaburi, maji na mipaka vimeandikwa kwenye ramani? Mahali pengine pamechunguzwa? Nani atasimamia ahadi, na tukilalamika tunaenda wapi? Ahadi ya shule au zahanati imeandikwa na ina tarehe, au imesemwa tu?

Msikubali mkutano wa saa moja, wenye soda na karatasi ya mahudhurio, ugeuzwe kuwa idhini. Karatasi ya mahudhurio inasema kwamba mtu alikuwepo. Haisemi kwamba amekubali. Kama watu wanahitaji wiki mbili za kufikiri, waombeeni wiki mbili. Na kama kiongozi ana faida yake binafsi katika mradi, aseme mbele ya watu na amwachie mwingine kiti siku hiyo. Heshima yake itaongezeka.

Tunajua kwamba kwa familia inayotafuta unga wa leo, habari za ramani na ripoti zinaonekana kuwa mbali. Lakini siku ya kurudi itafika, na siku hiyo itaulizwa shamba liko wapi na ni la nani. Jibu linaandaliwa leo, kwa daftari na kalamu, wakati wazee wanaokumbuka bado tunao.

Tunawaomba makala hii isomwe kwa sauti katika mkutano wenu ujao, kambini au kijijini, kisha kila kikundi kichore ramani ya kijiji chake. Anzeni na kisima, halafu makaburi, halafu mipaka. Mkitofautiana, msifute, andikeni pande zote mbili. Ubishi ulioandikwa kwenye karatasi unaweza kusuluhishwa na wazee mkiwa mmekaa, kabla mashine haijafika.